Utoto wa Thika na Ruiru Ambao Bado Haujaandikwa

Utoto mmoja wa Thika uliandikwa zamani, na dunia ikausoma. Elspeth Huxley, binti wa walowezi wa Kiingereza, alichapisha The Flame Trees of Thika mwaka wa 1959, akisimulia miaka yake ya udogo kwenye shamba la wazazi wake, wakati wa kuelekea Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1981 runinga ya Uingereza ikakigeuza kitabu hicho kuwa tamthilia ya sehemu 7. Mpaka leo wapo wageni ambao wakisikia jina la Thika huwaza miti ya maua mekundu na mikokoteni ya ng'ombe.

Huxley alikuwa na haki ya kuandika utoto wake, tena aliuandika vizuri. Kinachoniuma ni kwamba utoto mwingine wa mji huo huo, wa watu ninaowajua, haujapata kalamu. Nasema juu ya watoto wa Makongeni, Majengo, Ofafa na Kiganjo, na wenzao wa Ruiru waliolelewa kwenye kambi za mashamba ya kahawa, katika miaka ya 1990. Leo hao ni watu wazima wa miaka arobaini hivi. Wakikutana matangani, harusini au kwenye kundi la WhatsApp, mmoja huuliza tu, "Mnakumbuka Goody Goody?" na mazungumzo hayakatiki mpaka usiku wa manane. Kukicha, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake na yaliyosemwa yanakwenda na upepo.

Tuanze na mdomo, maana mtoto huanza kuujua ulimwengu kwa ulimi. Kwenye duka la mtaa, nyuma ya wavu wa chuma, kulikuwa na mitungi ya plastiki ambayo macho yetu yaliifikia kabla hatujafika kaunta. Humo mlikuwa na peremende za Patco, na Goody Goody yenyewe, tofi iliyong'ang'ania meno hadi taya zikachoka. Kulikuwa na chingamu za Big G na PK, ambazo hazikutafunwa siku moja zikaisha. Mtu alizibandika ukutani kando ya kitanda akaziendeleza asubuhi. Mabuyu mekundu yalitoka Pwani yakaacha ulimi na vidole na rangi iliyomsaliti mtoto kwa mamake. Kangumu zilizokauka hadi zikalia mdomoni ziliuzwa kwa hesabu, na njugu zilifungwa kwa karatasi ya gazeti au ukurasa wa daftari la mwanafunzi asiyejulikana. Barafu ya rangi iliganda ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, ukaing'ata pembe na kuifyonza hadi ikabaki nyeupe.

Peremende kama hizo zilipatikana Kenya nzima. Cha Thika hasa ni kwamba mtoto wa huko aliishi ukutani mwa viwanda. Mkate wa Broadways uliokuwa ukiliwa katika miji mingi ulitoka tanurini hapo hapo mjini, na harufu yake ilifika mtaani kabla mkate haujafika dukani. Upepo ukigeuka, ilikuja harufu nyingine, ya kiwanda cha ngozi, nayo haikuhitaji kuelezwa kwa mgeni. Mananasi ya Del Monte, kampuni ambayo wazee hawakuacha kuiita Kenya Canners, yalijaza mashamba hadi upeo wa macho, na kwa watoto wengi yalikuwa chakula cha kutazama tu. Utamu huo una upande wake mchungu: mwaka wa 2023 vyombo vya habari vya Uingereza vilichapisha madai mazito ya ukatili wa walinzi dhidi ya watu walioshukiwa kuiba mananasi hayo. Mtu akisimulia utoto wa Thika bila kulitaja hilo, wako majirani zake watakaonyamaza na kuondoka.

Makadamia tuliipata kwa urahisi zaidi. Mlowezi Bob Harries aliileta karibu na Thika katika miaka ya 1940, na kampuni ya Kenya Nut ilipoanza mwaka wa 1974 zao hilo likawa la kuuzwa ng'ambo. Watoto hawakujua habari za soko la dunia. Walijua kwamba ganda lake halivunjwi na meno, kwamba linahitaji jiwe bapa chini na jiwe zito juu, na kwamba ukipiga kwa hasira punje yote inasagika. Leo punje hizo huuzwa kwenye pakiti za kumetameta katika viwanja vya ndege, kwa bei ambayo ingetushangaza.

Halafu kulikuwa na Maziwa ya Nyayo. Rais Daniel arap Moi aliyaanzisha mwaka wa 1979, na kwa miaka mingi watoto wa shule za msingi walipokea pakiti za kampuni ya maziwa ya KCC zenye umbo la piramidi. Ukikata pembe kwa meno na kunywa taratibu, pakiti tupu uliipuliza, ukaiweka chini, ukairukia ikalia kama bunduki, na mwalimu akatoka ofisini. Lakini wengi hawakuinywa yote shuleni. Waliipeleka nyumbani kwa mdogo wao aliyekuwa hajaanza shule, wakiishikilia kwa mikono miwili njia nzima ili isipasuke. Kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga, maziwa hayo yakawa yanafika kwa kurukaruka, kisha yakakoma. Biashara ya maziwa ilikuwa imefunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka wa 1992, KCC ikaanza kuyumba, na mwaka uliofuata Brookside ikaanzishwa Ruiru. Kwa hivyo kizazi hicho hicho kilichokunywa maziwa ya bure darasani ndicho kilichoshuhudia malori ya maziwa ya kununua yakitoka langoni Ruiru kila alfajiri.

Upande wa michezo, sitaki kupita haraka. Wanasesere wa dukani na magari ya betri yalikuwepo Nairobi, na watoto wachache waliletewa Krismasi. Wengi wetu tulitengeneza. Gari la waya la Thika lilistahili kuwekwa katika jumba la makumbusho. Waya ulitoka kwenye ua uliochakaa au kwenye lundo la taka nyuma ya karakana. Fremu ilikunjwa kwa koleo la kuazima, magurudumu yakakatwa kwenye ndara zilizokatika au yakawa vifuniko vya mikebe ya mafuta ya Kimbo, taa zikawa vizibo vya soda. Usukani ulikuwa wa waya mrefu uliofika kifuani, ili dereva akimbie wima na gari limtangulie. Na wale vijana hawakubuni gari lolote tu. Mjini kwao kulikuwa na kiwanda cha kuunganisha malori na mabasi, Leyland Kenya, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 na baadaye kikaitwa KVM. Walikuwa wakiyaona malori mapya yasiyo na sanduku la nyuma yakiendeshwa barabarani, na jioni lori hilo hilo lilitokea mtaani kwa umbo la waya, likiwa na ekseli, springi za mpira na namba ya usajili. Mafundi kadhaa wa jua kali niliowahi kuzungumza nao mjini Thika walianzia hapo. Kimbo nayo, ambayo mikebe yake ilitupa magurudumu, ilikuja kununuliwa na Bidco ya Thika mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya watoto kuitumia mjini humo miaka yote hiyo.

Mpira ulikuwa wa juala, yaani mfuko wa plastiki. Karatasi na matambara katikati, majuala juu yake tabaka kwa tabaka, kisha kamba ya mkonge au nyuzi za gunia zilizofumwa kwa mraba. Aliyejua kuufunga aliheshimiwa hata kama hakujua kuucheza. Siri ilikuwa katika kukaza: ukikaza mno unakuwa jiwe, ukilegeza unaoza kwa maji siku ya kwanza ya mvua. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na nauunga mkono uamuzi huo, kwa kuwa niliiona mito ya Thika na Chania ilivyokuwa imezibwa. Hata hivyo siku hiyo fundi wa mpira wa juala alikosa malighafi, na hakuna gazeti lililoandika habari yake. Ujuzi huo sasa uko mikononi mwa watu ambao watoto wao hawajawahi kuuona.

Wasichana walikuwa na yao, na mara nyingi wavulana waliomba kuingizwa. Kati ilichezwa na mpira mdogo wa soksi, wawili wakirusha na mmoja katikati akikwepa huku akipanga mikebe. Bladder ilitokana na mpira wa ndani wa tairi uliokatwa vipande vyembamba vikaunganishwa, ukarukwa kutoka vifundoni hadi kiunoni hadi shingoni, kwa nyimbo ambazo kila mtaa ulizigeuza maneno. Cha baba na cha mama kilipikwa kwa udongo na majani ndani ya mikebe. Kulikuwa na bano za gololi, na brikicho, mchezo wa kujificha gizani, na kifuniko cha soda kilichopondwa kikatobolewa matundu mawili na kupitishwa uzi, ukivuta kinavuma na kukata karatasi. Karibu yote hayo hayakugharimu hata senti, ila yalihitaji watu. Huwezi kucheza kati peke yako.

Ruiru ya wakati huo usiipime kwa macho ya leo. Ulikuwa mji mdogo kando ya reli, umezungukwa na kahawa pande zote. Kituo cha utafiti kilichokuwa hapo ndicho kilichotoa mwaka wa 1985 aina ya Ruiru 11, kahawa inayohimili chulebuni na kutu ya majani, na jina la mji likafika kwa wakulima wasiowahi kuukanyaga. Kwa mtoto wa kambi, kahawa ilikuwa uwanja wa michezo na pia mahali pa kazi. Likizo ya Novemba na Desemba iliangukia msimu mkubwa wa kuchuma, hivyo watoto walifuata mama zao shambani kabla jua halijatoka, wakachuma buni nyekundu na kulipwa kwa debe. Sehemu ya fedha hizo ilinunua sare na madaftari. Sehemu ndogo ilibaki mkononi, na hapo ndipo soda ya Krismasi ilipotoka, au sharubati ya Treetop iliyochanganywa na maji mengi kuliko maelezo ya chupa yalivyotaka, ili itoshe nyumba nzima na wageni wawili.

Mfumo wa kimataifa wa kugawa mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka wa 1989 na bei ikaporomoka. Polepole mashamba yakaanza kuthaminiwa kwa ardhi yake kuliko kwa buni. Sensa ya mwaka wa 2019 iliikuta Ruiru na watu zaidi ya 490,000, ikiwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa nchini. Palipokuwa na safu za kahawa sasa kuna ghorofa, na Tatu City inajengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya kahawa. Sisemi mji usikue. Nasema mtu aliyesukuma gari la waya kati ya mistari ile ya mikahawa hana tena hata mti mmoja wa kumwonyesha mwanawe.

Runinga ndiyo inayozua mazungumzo marefu zaidi, na naelewa kwa nini. Katika ploti ya vyumba kumi vinavyotazamana, yenye bomba moja la maji uani, runinga ilikuwa moja, pengine mbili. Mara nyingi ilikuwa Great Wall isiyo na rangi, na wengine walining'iniza mbele yake kioo cha plastiki chenye rangi ili picha ipate uhai. Ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango ya kufungwa kwa ufunguo, na juu yake kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Kwenye kambi zisizo na umeme iliendeshwa kwa betri ya gari, na betri ikiisha ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa. Antena ilisimama juu ya mti mrefu nje, na kila jioni kijana mmoja alitumwa kuizungusha huku wa dirishani akipiga kelele, "Rudisha! Hapo! Usiguse!" Watoto walivua viatu mlangoni wakakaa sakafuni. Wakati wa chakula wengine walijua kuondoka kwa adabu, na wengine mama mwenye nyumba aliwawekea sahani bila kusema neno.

Hadi mwaka wa 1990 kituo kilikuwa kimoja tu, kile ambacho mwaka wa 1989 kilibadilishwa jina kutoka Sauti ya Kenya kuwa KBC. KTN ilipoanza mwaka wa 1990, ilionekana Nairobi na viunga vyake, na wa Ruiru walioinua antena juu zaidi waliambulia picha iliyojaa chenga. Kwa hivyo karibu nchi nzima ilitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja usiku ilianza na Mtukufu Rais, watu wazima wakitikisa kichwa au wakinyamaza. Halafu vikaja vipindi vilivyotufanya tukimbie kumaliza kazi: Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tausi, Derrick mpelelezi wa Kijerumani, na Football Made in Germany iliyotupa majina ya klabu ambazo hatukujua ziko mji gani. The Rich Also Cry ya Mexico ilitazamwa na akina mama waliofua mapema ili wasikose. Tamthilia hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliwaweka Warusi mbele ya runinga kwa mamilioni, na sidhani mama wa Makongeni alijua kwamba analia pamoja na mama wa Moscow.

Lakini Vitimbi ilikuwa na nafasi yake Thika ambayo sijaona ikielezwa. Huu ulikuwa mji wa vibarua na wafanyakazi wa viwanda. Katika ploti moja uliwakuta Wakikuyu, Wakamba kutoka upande wa pili wa mto Athi, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, wote wakizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani. Usiku unawasha runinga, unamkuta Mzee Ojwang' akibishana na Mama Kayai kwa Kiswahili cha namna hiyo hiyo, na wenzao wakivuruga mambo kila mmoja kwa lafudhi yake. Hakuna aliyehisi anachekwa, kwa kuwa kila mtu alikuwamo. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo hadi nchi ikasahau jina lake halisi. Alifariki Julai 2015, baada ya kuchekesha kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka huo huo Kenya ilizima mitambo ya analojia, na antena zote zile juu ya miti zikawa vyuma vya kukaushia nguo.

Muziki tuliupata kwa betri za Eveready. Zikiisha nguvu zilianikwa juani pamoja na nguo, zikarudi kwa saa moja nyingine, nasi tukaishukuru hiyo saa. Kiwanda chake cha Nakuru kilifungwa mwaka wa 2014. Idhaa ya Taifa ya KBC ilisoma salamu za wasikilizaji zilizotumwa kwa kadi za posta, na mtu wa Thika aliyesikia jina lake likisomwa alipongezwa mtaani wiki nzima. Jumapili mtangazaji Leonard Mambo Mbotela aliuliza "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi alichokianza mwaka wa 1966, na watoto wakaangaliana wakijua ni nani nyumbani anayesemwa. Mbotela alituacha Februari 2025.

Kaseti zilitoka River Road, Nairobi, zikauzwa stendi ya Thika kwenye meza yenye spika kubwa. Joseph Kamaru, Daniel Kamau na Queen Jane walipigwa kwenye baa na majikoni. Faustin Munishi kutoka Tanzania alihubiri kwa nyimbo, na nyumba za walokole hazikukosa kaseti yake. Gatanga, ng'ambo tu ya Thika katika Murang'a, ilikuwa ikizalisha wanamuziki wa Kikuyu kizazi baada ya kizazi. Mmoja wao, John Demathew, alifariki kwa ajali ya barabarani hapo Thika Agosti 2019. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mugithi ya mtu mmoja na gitaa lake ilijaza kumbi, Mike Rua na Salim Junior wakizirudia nyimbo za wazee kwa vijana waliokuwa wameanza kuzisahau. Kijana asiye na fedha ya kaseti alirekodi redioni. Alichukua kaseti ya zamani, akaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi au gundi, akakaa kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Utepe ukitoka, ulirudishwa kwa kalamu ya Bic.

Matatu za namba 237 za Thika na 145 za Ruiru zilikuwa shule ya pili. Humo tulimsikia Awilo Longomba kabla hajafika redioni mtaani kwetu, na humo ndimo Kalamashaka wa Dandora walipotufikia mwaka wa 1997 na "Tafsiri Hii", wakaturuhusu kuamini kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba jambo zito. Hardstone naye akatia Kikuyu ndani ya ragga katika "Uhiki", na bibi na mjukuu wakaupenda wimbo mmoja kwa sababu tofauti. Sheria za waziri John Michuki za Februari 2004 zilipaka matatu mstari wa manjano na kunyamazisha spika kwa muda. Barabara yenyewe ya Nairobi hadi Thika ilijengwa upya kati ya 2009 na 2012, na safari ya jioni iliyotosha upande mzima wa kaseti ikawa fupi, japo msongamano umerudi.

Sasa niseme ninaloliamini. Wanaosema zamani kulikuwa kuzuri wanasahau mengi. Ilikuwa miaka ya kashfa ya Goldenberg, ya bei kupanda na mishahara kubaki, ya karo iliyowarudisha watoto nyumbani hadi elimu ya msingi ilipofanywa ya bure Januari 2003. Ukimwi ulipita katika ploti zetu na kuondoka na watu, nasi watoto tukaambiwa ni malaria. Mwaka wa 2000 ukame ulileta mgao wa umeme, viwanda vikasimama na wazazi wakarudi nyumbani mchana. Mtoto aliyechuma kahawa mara nyingi hakuwa akijifurahisha.

Wala hatukosi vitu vyenyewe. Goody Goody ingali inauzwa, baadhi ya vipindi vya zamani vya Vioja Mahakamani viko kwenye intaneti, na Kamaru anapatikana kwenye simu. Mtu mzima hununua tofi ile, akaitafuna ndani ya gari lake, akaona haifanani. Kwa maoni yangu, tunachokitamani ni hali ya kuwa na kitu kichache kinachowalazimisha watu kukaa pamoja: runinga moja kwa vyumba kumi, pakiti moja ya maziwa kwa ndugu wawili, mpira uliofungwa na mmoja ukapigwa na ishirini. Umaskini ndio uliotulazimisha, nami sitamani umaskini urudi. Lakini kukaa pale pamoja kulikuwa kweli, na kulitulea.

Jambo hilo linastahili kuandikwa, na njia ya kulihifadhi inajulikana. Shirika la Ketebul Music la Nairobi, likiongozwa na Tabu Osusa, limekuwa likitafuta wanamuziki wa zamani, kuwahoji na kutoa rekodi zao pamoja na historia yake. Mwaka wa 2010 lilitoa mkusanyiko juu ya muziki wa Wakikuyu. Joseph Kamaru alipofariki Oktoba 2018, mjukuu wake mwenye jina hilo hilo, msanii wa sauti anayejulikana duniani kama KMRU, alianza kuzitoa tena nyimbo za babu yake kwenye intaneti, moja baada ya nyingine. Alikuwa na nyimbo za familia, kompyuta na subira.

Sisi nasi tuna vya familia. Msomaji uliyekulia Thika au Ruiru, kaseti zilizo chini ya kitanda cha mamako zinaharibika: utepe hunata, ukungu huota, sauti hufifia. Usiicheze iliyoota ukungu kabla haijasafishwa. Mpelekee anayejua kuihamisha kwenye kompyuta. Picha za studio, andika nyuma yake majina na mwaka kabla wanaozitambua hawajaondoka. Mhoji mzee aliyefanya kazi Leyland, mama aliyeuza kangumu nje ya lango la kiwanda, na fundi wa mpira wa juala, uwarekodi kwa simu uliyo nayo mkononi. Mwalimu, wape wanafunzi kazi ya kuuliza wazazi wao walicheza nini na kiliundwaje, uyahifadhi majibu yao. Na Kaunti ya Kiambu itenge rafu moja katika maktaba ya umma mjini Thika ya kuweka nakala za hayo yote, ili mtoto wa Makongeni akitafuta utoto wa mji wake asikute kitabu cha Huxley peke yake. Anza na kaseti moja wikendi hii.